Mtaka Mtutu Sharti Avukute

Kabla hatujaanza, weka chini ulichoshika. Nataka mikono yako iwe mitupu, kwa sababu nitakupa bunduki ambayo haipo, nawe utaishika huku mimi nikisema. Mkono wa kushoto mbele, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia nyuma, karibu na shavu. Usiogope, haina kitu ndani. Vizuri. Umeishika kama mtu aliyezaliwa nayo.

Hiyo ni gobore. Kwetu Kamina wengi waliiita pupu, na hata leo wako wanaotamka neno hilo huku wakicheka puani. Wanasema zilikuwa takataka za reli zilizofungwa kwa waya. Wanasema ziliumiza wenyewe kuliko nguruwe. Nimeyasikia maneno hayo kwenye misiba, kwenye harusi, mlangoni kwa kanisa baada ya misa, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye babu yake alikula nyama miaka yote kwa sababu ya bunduki yetu. Nasema yetu kwa sababu kaka yangu mkubwa ndiye aliyefua mitutu, na mimi ndiye niliyechonga vitako. Basi siwezi kucheka nao. Nitajibu, ila nitajibu polepole, maana asiyejua kitu hana kosa mpaka aelezwe. Nitakueleza pia kuhusu mwaka ambao kaka yangu alikaribia kupelekwa gerezani na tanuri letu kubomolewa, na mtu mmoja tu, mwenye mkono uliofungwa bendeji, ndiye aliyekuwa na neno la kutupeleka huko au kutuacha.

Kwanza tuielewe bunduki. Gobore hulishwa kwa mdomo, kama mtoto. Unamwaga baruti kwenye mdomo wa mtutu. Unafuatisha nyuzi za magome ya mti, uzishindilie kwa fimbo ndefu nyembamba tunayoiita mdeki. Kisha risasi, kisha nyuzi tena, ushindilie tena. Huku nyuma, karibu na shavu lako, kuna kijichuchu cha chuma chenye tundu, na juu yake unavisha fataki, kikofia kidogo cha shaba. Ukivuta kifyatulio, kinyundo kinaipiga fataki, moto unapita kwenye tundu, baruti inaamka. Hayo tu. Ukiyaelewa hayo, umeelewa yote yaliyompata yule mtu.

Karakana yetu ilikuwa pembeni ya njia ya kwenda Kabongo, mahali ambapo nyumba za mji zilikuwa zimekwisha na mashamba ya mihogo yalikuwa yameanza. Reli ilikuwa bado changa wakati ule. Usiku ulipokuwa kimya tulisikia treni za makaa kutoka Luena zikipanda mteremko kwa kukoroma. Kambi kubwa ya ndege ya Wabelgiji haikuwapo bado, ilikuja baadaye. Kwa macho ya serikali sisi tulikuwa wafua majembe na mashoka, na ni kweli tuliyafua, mazuri sana. Kufua bunduki kulitaka ruhusa, na ruhusa hiyo watu kama sisi hatukupewa. Aliyetaka bunduki aliambiwa akanunue dukani kwa Wazungu, kwa bei ambayo mkulima wa mihogo hakuweza hata kuiota. Nguruwe mwitu, wao, hawakusubiri ruhusa. Shamba ambalo mwanamke amelilima tangu mvua ya kwanza, kundi lao lilimaliza kabla ya jogoo kuwika. Kwa hiyo tulifua. Sikuwahi kuona aibu kwa hilo, na hutanisikia nikiomba msamaha sasa.

Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, hakutaka kabisa mabomba. Watu walimletea mabomba ya maji yaliyotupwa na wajenzi wa reli, wakidhani wanamsaidia. Aliyarudisha.

"Bomba limezaliwa kubeba maji," alisema. "Ukilitia moto tumboni unalitukana, na siku moja litakujibu."

Yeye alichukua ukanda wa chuma, akauzungushia ufito wa chuma, mzunguko baada ya mzunguko, kama mama anavyofunga kitambaa kwenye kidole cha mtoto kilichokatika. Kisha motoni. Chuma kilipokuwa cheupe na kuanza kutoa jasho, alinyunyiza mchanga laini wa mtoni, akagonga haraka, mapigo mepesi, mpaka mizunguko ikashikana ikawa kitu kimoja. Akarudisha motoni, akasogea hatua mbele, akagonga tena. Mtutu mmoja ulikula magunia ya makaa ya mti. Na hapa kuna jambo nataka ulishike vizuri: chuma hakishikani kwa nguvu za nyundo. Hushikana kwa joto lililo sawa. Upepo wa mivukuto ukilegea kidogo tu, mizunguko miwili itabusiana kwa nje, lakini kwa ndani itakuwa haijuani. Hutaona. Utajua siku itakapopasuka.

Ndiyo maana Yaya alikuwa na sheria moja, aliyoirithi kwa baba yetu, naye aliirithi kwa wake. Anayetaka bunduki atavukuta mwenyewe. Hakuna kutuma mtoto, hakuna kutuma mdogo wako. Utakaa chini kwenye kigoda, mbele ya vyungu viwili vya mti vilivyofunikwa ngozi ya mbuzi, kila ngozi na kijiti chake, na utapandisha hiki ukishusha kile, siku nzima, mpaka mtutu wako uishe. Ukichoka, kazi inasimama. Ukienda nyumbani, kazi inakusubiri. Na Yaya, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, mbele ya moto aligeuka kuwa mchungaji wa ng'ombe:

"Vukuta, baba! Vukuta! Shavu ni lako!"

Maana shavu litakalolala karibu na moto ule si la fundi.

Kazi yangu ilifuata. Mti wangu ulikuwa mlombwa, ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu. Sikuchonga kitako mpaka nimemwona mtu. Nilimwambia afumbe macho, anyanyue gongo kama analenga, kisha afumbue. Nilitazama jicho lake limeangukia wapi. Nilipima kutoka kwenye kunjo la kiwiko mpaka ncha ya kidole cha shahada. Mwenye shavu nene nilimchimbia pahali pa kulaza shavu. Mwenye shingo ndefu nilimshushia kitako. Alikuja mtu mmoja anayetumia mkono wa kushoto, mtu mzima na watoto wake, aliyepigwa vidole utotoni shuleni mpaka akajifunza kuandika kwa kulia. Nilimpa gongo, akalinyanyua kwa kulia. Nikamwambia, "Baba, hapa hakuna mwalimu." Akalihamishia kushoto, akacheka peke yake. Nikamchongea kitako cha kushoto. Dukani hapakuwa na bunduki ya namna hiyo kwa bei yoyote ile. Sasa niambie tena kuhusu takataka za reli.

Haya. Siku moja alikuja mwindaji kutoka kijiji cha upande wa mtoni. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, na sifa zake zilifika kabla yake kwa sababu alizileta mwenyewe. Alileta jogoo mwekundu mkubwa, akamweka miguuni pa Yaya, akakaa.

"Nataka pupu ya kuua nguruwe," alisema. "Si ya kuwatisha. Wameshazoea kutishwa."

"Utaipata," Yaya alisema. "Kigoda kile pale."

"Kigoda cha nini?"

"Cha kuvukutia."

Mwindaji alitazama vile vyungu, akanitazama mimi, akaangalia nyuma yake kama vile tulikuwa tunasema na mtu mwingine.

"Minyi? Minyi njo nivukute? Nimeleta jogoo!" Kwa lugha ya kwao: mimi ndiye nivukute?

"Jogoo hana mikono," Yaya alisema.

"Nitamtuma mpwa wangu. Ana nguvu kama punda."

"Basi bunduki itakuwa ya mpwa wako."

Aliondoka na jogoo wake kwa hasira. Tulimsikia akitutukana mpaka kwenye kona ya njia, na jogoo akimwitikia. Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda kabla hatujaamka, jogoo yule miguuni pake. Hakusalimu. Alisema tu, "Nguruwe wamekula kiazi cha mke wangu usiku. Washa moto."

Sijaona mtu aliyevukuta kwa kulalamika kama yule. Alilalamika kuhusu moshi, kuhusu mgongo, kuhusu mbuzi aliyetoa ngozi zile, kwamba bila shaka alikuwa mbuzi mvivu. Kila Yaya alipopiga kelele, "Shavu ni lako!" yeye alijibu, "Na makwapa ni ya nani?" Wanawake waliokuja kuchukua majembe yao walikaa kumsikiliza mpaka wakasahau kwenda shamba. Lakini upepo wake haukulegea. Hilo namshuhudia. Mdomo ulilalamika na mikono ikafanya kazi, na mtutu wake ulitoka bila doa.

Siku ya kuijaribu, tuliifunga kwanza kwenye panda ya mti kwa kamba, tukaishindilia baruti nyingi kuliko inavyofaa, tukaivuta kwa uzi kutoka mbali. Ikanguruma, ikakaa nzima. Kisha ikafuata desturi yetu ya mwisho. Yaya aliishika begani mwake mwenyewe, na mwenye bunduki alisimama nyuma yake, kiganja kimelala kwenye mgongo wa Yaya. Kama kuna kitu cha kupasuka, kiwapate wawili. Ikalia, moshi ukatanda, na tulipoweza kuona tena, mwindaji alikuwa bado ameweka mkono mgongoni kwa Yaya, hajui kama ameuweka. Aliondoka akiimba. Jogoo tulimla.

Mvua mbili zikapita. Kijiji kile cha mtoni kilivuna mihogo yake na kula nguruwe waliokuja kuila. Halafu, asubuhi moja ya ukungu, ile bunduki ilipasuka mikononi mwa mwenyewe. Ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto na kumchoma uso upande mmoja. Wenzake walimbeba kwa machela mpaka zahanati ya mjini, na mtu aliyeumizwa na bunduki hawezi kufichika zahanati. Kabla ya jua kutua, serikali ilijua.

Habari zilitufikia kupitia tarishi wa chifu, ambaye mama yake alikuwa mteja wetu wa majembe. Alikuja akijifanya anatafuta shoka.

"Bwana Ajenti, yule Mzungu wa serikali, atakuja kwa chifu," alisema huku akipima makali ya shoka kwa kidole. "Ataleta ile pupu iliyopasuka. Ataita mafundi wote wa moto. Amemwambia yule mgonjwa hivi: ukitaja aliyeifua, weye utaenda nyumbani bure. Usipotaja, kosa la bunduki liko lako peke yako." Akaweka shoka chini. "Na karakana ya aliyetajwa itabomolewa. Mivukuto, fuawe, vyote. Na mwenyewe atafungwa."

Alipoondoka, mke wa Yaya hakungoja. Alianza kufunga nguo kwenye mkeka.

"Tuende Kabongo kwa ndugu zangu," alisema. "Leo. Yule mtu hakuwapenda tangu siku ya kwanza. Mlimkalisha kwenye moshi kama mtoto. Mnadhani atawaficha?"

Hakuwa amekosea katika hesabu yake. Mtu aliyenung'unika siku zote zile, aliyetutukana mpaka kwenye kona ya njia, na sasa amepoteza vidole kwa mtutu wetu, kwa nini asitutaje? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuchagua ni patasi zipi nitabeba.

Yaya alikuwa anamalizia jembe. Hakusimamisha nyundo.

"Nikikimbia," alisema, "nitakuwa nimesema kwamba mtutu wangu ulikuwa mbovu. Haukuwa mbovu."

"Na ukifungwa?"

"Nitafungwa na mtutu mzima."

"Mtutu umepasuka, mume wangu! Mzima wapi?"

"Kabla ya kupasuka ulikuwa mzima," alisema, akalitumbukiza jembe majini, likapiga mluzi. Shemeji yangu aliutazama mkeka, akaufungua, akazitoa nguo moja moja huku akisema na mizimu ya kwao yote kwa majina. Nikazirudisha patasi mahali pake.

Hatukwenda kumwona mgonjwa zahanati. Kumwendea mtu mwenye neno la kukuokoa kabla hajalisema ni kumwomba, na Yaya hakutaka kuomba. Alimtumia unga na kuku kwa mkono wa mke wake, bila ujumbe wowote.

Siku ya baraza watu walijaa uwanja wa chifu. Bwana Ajenti alikuwa kijana, amechomwa na jua shingoni, mwenye heshima ya kutosha, akaketi chifu alipomwonyesha. Karani mmoja alitafsiri. Mezani ililala bunduki yetu. Nilitambua kitako changu kutoka mbali, kizima kabisa, na juu yake mtutu umefunguka karibu na chuchu kama ua la boga. Yaya aliutazama muda mrefu. Nilimwona anahesabu mizunguko kwa macho. Kisha akapumua. Baadaye aliniambia alichokiona: chuma kilikuwa kimechanika katikati ya ukanda, siyo kwenye maungio, pale mizunguko iliposhikana. Maungio yote yalikuwa yameshika.

Mwindaji aliletwa, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, jicho moja limevimba. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile.

Karani akauliza, "Nani alitengeneza bunduki hii?"

Yaya alisimama. Hakuulizwa, alisimama tu, na nikajua anataka kusema kabla ya kutajwa, ili asionekane amekamatwa. Alifungua mdomo.

"Kaa chini, weye wa majembe!" mwindaji alimkemea. "Nani amekuuliza? Swali liko langu."

Watu wakacheka. Yaya hakukaa.

"Ni nani?" karani alirudia.

"Minyi," mwindaji alisema.

"Wewe?"

"Minyi njo niliitengeneza. Mwenyewe. Hawa wote wanajua."

Karani alitafsiri. Bwana Ajenti alikunja uso, akauliza mtu asiye fundi anawezaje kutengeneza bunduki. Na hapo, ndugu yangu, yule mwindaji akafanya kile alichozaliwa kukifanya. Alijisifu. Alieleza alivyokaa kwenye kigoda kabla ya jua. Alieleza moshi, mgongo, makwapa yaliyovimba hata mke wake akakataa kumkaribia. Alieleza chuma kinavyotoa jasho, kwa mkono mmoja akionyesha vijiti vinavyopanda na kushuka.

"Bila upepo wangu chuma kile kingekuwa chuma tu," alisema. "Mwenye nyundo anagonga pale upepo unapomwambia. Hata mtoto anaweza kugonga. Minyi nilivuta siku nzima, siku baada ya siku! Sasa nani aliitengeneza?"

Wazee waliokuwa na bunduki zetu majumbani, nao waliwahi kukaa kwenye kigoda kile, wakaanza kutikisa vichwa. "Kweli," mmoja alisema. "Mvukutaji njo mwenyewe." Hakuna aliyesema uongo. Hebu angalia vizuri: hakuna aliyesema uongo.

Bwana Ajenti aliunyooshea kidole mtutu uliopasuka. Basi, akasema kupitia kwa karani, kama ni kazi yako, kazi yako ilikuwa mbaya.

Nilimwona Yaya anakunja ngumi. Na nilimwona mwindaji anasita kwa mara ya kwanza, kwa sababu jibu la kweli lingemwaibisha mbele ya wawindaji wote wa nchi ile. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuuacha mtutu ubebe lawama, maana mtutu hauna mdomo wa kujitetea.

"Kazi haikuwa mbaya," alisema, sauti imeshuka. "Nililisha mara mbili."

Wawindaji walipiga ukelele wa "Aa!" pamoja.

"Niliijaza jioni, nikaona swala, akakimbia, sikupiga. Nikaitundika juu ya moto. Siku zikapita, mvua ikanyesha, nikasahau. Asubuhi ile nikaijaza tena juu ya ile ya kwanza." Akainua kichwa, na ujeuri wake ukamrudia kama kofia. "Mwambie Bwana: hata yeye, mama mkwe wake akimlisha mara mbili bila kumwacha atoke nje, atapasuka tu."

Karani alitafsiri maneno machache kuliko hayo. Lakini uwanja mzima uliyasikia yote, na chifu ilimbidi ajifute uso kwa kitambaa kwa muda.

Hukumu ikawa kwake peke yake: alime majani ya kando ya barabara kuu mpaka msimu wa mvua. Bwana Ajenti alimtazama Yaya, aliyekuwa bado amesimama, akauliza huyu ni nani. Chifu mwenyewe akajibu, "Huyo ni mfua majembe wetu, Bwana. Serikali itayahitaji kwa barabara." Ikaisha hivyo.

Haikuisha kwetu. Siku mwindaji alipoanza kifungo chake cha barabara, alitukuta mimi na Yaya tumeshaanza kulima kipande chake. Askari msimamizi akatuuliza nani ametuagiza.

"Kosa lilikuwa la mikono," Yaya alimwambia. "Ya huyu haijapona. Tumeleta mingine."

Askari alitafakari, akaona majani yanapungua, akaenda kivulini. Mwindaji naye akakaa kwenye jiwe, akanyoosha miguu, akatutazama kwa furaha ambayo sijaisahau.

"Limeni, baba!" alipaza sauti. "Limeni! Mgongo ni wenu!"

Tulikwenda kila tulipoweza, tukipokezana ili tanuri lisipoe. Na pale kando ya barabara, katikati ya matusi yake, ndipo alipomuuliza Yaya swali.

"Weye fundi. Mbuzi akishiba, tumbo linaonekana. Mtoto akishiba, analala. Kwa nini pupu yako ikishiba haisemi?"

Yaya aliegemea jembe. Kisha akaendelea kulima. Lakini tulipomfanyia bunduki mpya, naye alivukuta kwa mkono mmoja na nusu na kwa malalamiko ya mtu mwenye mikono minne, Yaya aliuchukua mdeki kabla haujakabidhiwa. Aliuteremsha ndani ya mtutu mtupu mpaka ukagusa chini. Pale ulipolingana na mdomo wa mtutu, akakata alama kwa tupa, akaizungushia waya wa shaba, ili hata kidole kiione gizani.

"Sasa itasema," alimwambia. "Alama ikibaki nje ya mdomo, imeshiba."

Kitako nilikichonga upya kwa ajili ya mkono wa vidole vitatu. Aliua nguruwe kwa bunduki hiyo miaka mingi. Tangu siku ile hakuna mdeki uliotoka kwetu bila alama, na waliokuwa na bunduki za zamani walirudi kuwekewa, hata yule wa mkono wa kushoto. Kambi ya ndege ilipojengwa na vijana wakapata mishahara, walikuja mafundi wengine wa haraka, wa mabomba, wasiomkalisha mtu kwenye kigoda. Zao ndizo zilizopasuka kwenye maungio. Watu walizichanganya na zetu kwa jina moja la pupu, na hapo ndipo kicheko kilipoanzia. Nakataa kitako changu kichanganywe na kicheko hicho, wala mtutu wa ndugu yangu, wala vidole viwili vya mtu aliyeweza kuokoa ngozi yake kwa neno moja akachagua kujisifu.

Bado umeishika ile bunduki niliyokupa? Usiiteremshe bado. Siku moja utaikuta ya kweli, imetundikwa ukutani kwa babu au mjomba, na mtu atakuambia haina kitu. Usimwamini, wala usimbishie. Elekeza mdomo wake pasipo na mtu. Toa kwanza fataki kwenye chuchu. Chukua mdeki, ulaze kando ya mtutu kwa nje, ncha moja ikifika kwenye chuchu, na uweke kidole gumba pale unapolingana na mdomo. Sasa uteremshe taratibu ndani, ukiwa pembeni, mkono wako usiwe mbele ya mdomo. Kidole kikifika mdomoni, ni tupu. Kikibaki juu, imeshiba: iweke chini, usiiguse tena, na umwite mwenyewe.